Serikali kuanguka na serikali kufungwa ni mambo mawili tofauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu neno moja tu, neno "serikali", ambalo kwa muda mrefu limekuwa likiwachanganya wasomaji wako wa hapa Moshi, nami nikiwa mmojawao, kila mnapotuletea habari za Uingereza na za Marekani katika ukurasa uleule wa kimataifa.

Chanzo ni kichwa cha habari cha Oktoba 2025 kilichosema kwamba serikali ya Marekani imefungwa. Gazeti lilifika kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Majengo mnamo saa tatu asubuhi, likapita mikononi mwa watu watano au sita kama ilivyo desturi yake, kisha mzee mmoja, fundi cherehani aliyekwisha kustaafu, akalikunja na kuuliza kwa wasiwasi wa kweli: "Sasa kama serikali imefungwa, Rais wao kaenda wapi, na nchi kaishika nani?" Mwenzake akamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba serikali hiyo imeanguka, kama ilivyoanguka ile ya Uingereza ya yule mama, Liz Truss, aliyekaa uwaziri mkuu wiki saba, na kwamba Wamarekani sasa wangerudi kwenye masanduku ya kura. Hakuna aliyembishia. Kwa kuwa niliwahi kuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa, na jina hilo la Karani limeniganda hadi leo, macho yote yaligeuka upande wangu. "Karani, hebu tuamulie." Nilieleza kadiri nilivyoweza mpaka kahawa yangu ikapoa, nikaahidi kwamba nitakuandikia.

Kwa Mwingereza, Ndugu Mhariri, serikali ni kundi la watu. Ni Waziri Mkuu na mawaziri wake, ambao kwa desturi lazima wawe wajumbe wa Bunge, na ambao hukaa madarakani kwa sharti moja, kwamba walio wengi katika Baraza la Commons, yaani baraza la wabunge waliochaguliwa na wananchi, bado wanawakubali. Wakikataliwa leo, kesho hawapo, na ndiyo maana husemwa kwamba serikali imeanguka. Kwa Mmarekani neno hilohilo hubeba jengo zima: Rais, Kongresi ambayo ndiyo bunge lao, mahakama, wizara, mlinzi wa hifadhi ya taifa, karani wa pasipoti. Rais ni mpangaji tu wa chumba kimoja katika jengo hilo, na mkataba wake wa miaka minne haukatizwi kwa sababu wenzake wa chumba cha pili wamekasirika. Kilichotokea kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, yaani siku 43, ni kwamba Kongresi haikupitisha fedha za matumizi, ikawa ofisi zisizo na fungu zinasimamisha kazi na maelfu kwa maelfu ya watumishi wanabaki nyumbani au wanafanya kazi bila mshahara. Rais alikuwa Ikulu yake, maseneta waliendelea kubishana, na askari walibaki kwenye malindo yao. Hakuna aliyepoteza cheo, wala hakuna mpiga kura aliyeitwa. Rekodi iliyokuwapo kabla ya hapo ilikuwa ya siku 35, za kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019, nayo vilevile haikumwondoa mtu yeyote madarakani.

Jambo hilo Uingereza haliwezi kwenda hivyo, kwa sababu serikali iliyonyimwa fedha na Baraza la Commons haina pa kujificha: ama ijiuzulu, ama iitishe uchaguzi.

Mfano ulioeleweka kijiweni ulikuwa wa ushirika. Katika chama chetu, wanachama tulikutana kwenye mkutano mkuu tukachagua wajumbe tisa wa bodi, na wajumbe hao ndio walioketi faragha wakamteua mwenyekiti kati yao. Mwaka mmoja, ambao siutaji kwa kuwa wahusika wengine bado wapo hai, mwenyekiti alishindwa kueleza upungufu wa magunia katika ghala. Bodi ilikutana alasiri, humo humo ghalani, wengine wakiwa wamekalia magunia yenyewe, na kabla ya taa ya chemli kuwashwa yule bwana alikuwa mjumbe wa kawaida na mwingine ameshika kiti. Asubuhi wakulima walishuka na kahawa yao, mzani ukawa uleule na bei ileile. Wengi hawakujua kwamba wana mwenyekiti mpya mpaka walipoona sahihi ngeni kwenye stakabadhi. Hivyo ndivyo Uingereza inavyoendeshwa. Mtu aliyesema pale kijiweni kwamba Mfalme ndiye anayemchagua Waziri Mkuu alikuwa na nusu ya ukweli tu: Mfalme humwita na kumkabidhi kazi, lakini humwita yule ambaye bodi inamtaka, wala hana hiari ya kumwita mwingine.

Kwa hiyo siku ya uchaguzi mkuu Mwingereza hampigii kura Waziri Mkuu. Hupewa karatasi moja yenye majina ya watu wanaogombea ubunge katika jimbo lake, akatia alama ya vema au mkasi kwa penseli, basi. Julai 4, 2024, jina la Keir Starmer, kiongozi wa chama cha Labour aliyekuja kuwa Waziri Mkuu kesho yake, lilikuwa kwenye karatasi za jimbo moja la London, Holborn and St Pancras, na wapiga kura wa majimbo mengine 649 hawakuliona popote. Hapa Moshi sisi hupewa karatasi tatu, ya Rais, ya mbunge na ya diwani, na tunaona ni kazi. Mmarekani katika baadhi ya maeneo hukabidhiwa orodha ndefu ambamo, pamoja na Rais, kuna seneta, mwakilishi, gavana, jaji, mkuu wa polisi wa eneo lake, wajumbe wa bodi ya shule, na maswali ya kura ya maoni juu ya kodi au barabara. Mwingereza hukabidhi uamuzi wote kwa mtu mmoja na kumwambia nenda kaamue. Mmarekani hataki kumwamini mtu mmoja kwa lolote, humgawia kila mmoja kipande chake na kuweka mwingine wa kumchungulia.

Niliahidi neno moja, lakini niwie radhi, kuna la pili nalo ni "jimbo". Mnaandika jimbo la Florida na mnaandika jimbo la Holborn, na msomaji wa hapa ambaye jimbo analolijua ni Moshi Mjini hudhani ni vitu vya aina moja. Florida ina serikali yake, gavana wake, mahakama zake na sheria zake za uchaguzi. Holborn and St Pancras ni mstari uliochorwa kwenye ramani ili kupata mbunge mmoja. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Marekani haina tume moja ya taifa inayoendesha uchaguzi na kutangaza mshindi kama tulivyozoea sisi. Iko Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, lakini kazi yake ni kufuatilia fedha za kampeni. Kuandikisha, kupiga na kuhesabu kura ni shughuli ya kila jimbo kwa utaratibu wake, na usiku wa uchaguzi dunia husubiri mahesabu ya vyombo vya habari, hasa shirika la habari la Associated Press. Uingereza nayo haina mtu mmoja wa kutangaza mshindi wa nchi nzima. Kila jimbo la uchaguzi lina msimamizi wake, ambaye hupanda jukwaani usiku wa manane katika ukumbi wa michezo au wa halmashauri, wagombea wote wamejipanga nyuma yake kama watoto wa kipaimara, waziri akiwa amesimama bega kwa bega na mtu aliyegombea kwa mzaha huku amevaa vazi la kuchekesha, akasoma kura za mmoja mmoja. Anayepata pungufu ya asilimia 5 hupoteza dhamana yake ya pauni 500. Liz Truss, yule mama wa wiki saba, alisimama katika mstari kama huo mwaka 2024 akasikia kwamba amepoteza ubunge wa South West Norfolk kwa kura 630. Sijui adhabu ya kisiasa inayozidi kusimama pale mbele ya kamera na kusikiliza hesabu yako mwenyewe.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa maana hapo ndipo ubishi ulipokuwa mkali. Kuna imani iliyoenea kwamba Wamarekani peke yao ndio wenye mfumo wa ajabu unaoweza kumpa ushindi aliyepata kura chache, na kwamba Waingereza wao huhesabu vichwa tu. Kijiweni kwetu upo ubao wa drafti unaochezwa kwa vizibo vya soda, mchezaji mmoja akivifunika na mwenzake akivifunua. Niliomba vizibo kumi na vitano nikavipanga safu tatu za vitano vitano, nikasema kila safu ni jimbo la uchaguzi. Safu ya kwanza nikaweka vitatu vilivyofunuliwa na viwili vilivyofunikwa. Safu ya pili hivyohivyo. Safu ya tatu nikavifunika vyote. Kisha nikamwomba kijana anayeuza kahawa ahesabu kwa sauti. Vilivyofunikwa vilikuwa tisa na vilivyofunuliwa sita, lakini vilivyofunuliwa vimeshinda safu mbili kati ya tatu, kwa hiyo ndivyo vyenye serikali. "Hapo tumeibiwa, Karani," kijana akasema. Nikamjibu kwamba hakuna kizibo hata kimoja kilichoibwa; ubao ndio ulivyochorwa.

Ubao huo ndio wa Uingereza. Mwaka 1951 chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko Conservative na bado kikaondoka madarakani. Februari 1974 kibao kiligeuka, Conservative wakaongoza kwa kura lakini Labour wakapata viti 301 dhidi ya 297. Mwaka 2024 Labour ilipata takriban asilimia 34 ya kura na kuchukua viti 411 kati ya 650, ushindi ulioitwa wa kishindo, ilhali kura zenyewe, takriban milioni 9.7, zilikuwa pungufu ya zile milioni 10.3 ambazo chama hichohicho kilizipata mwaka 2019 kiliposhindwa vibaya. Katika uchaguzi huo wa 2024 chama cha Reform UK kilikusanya kura zaidi ya milioni 4 kikaambulia wabunge 5, na Liberal Democrats, ambao kura zao zilikuwa takriban milioni 3.5, wakaondoka na wabunge 72, kwa sababu kura za hawa zilikuwa zimerundikana mahali panapofaa na za wale zimetapakaa nchi nzima kama mbegu zilizomwagwa kwa mkono. Mtu akiniambia kwamba huo ni utawala wa walio wengi, nitamwuliza walio wengi wa nini.

Ubao wa Wamarekani ni uleule, ila safu hazilingani urefu. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa kumchagua Rais, inayotokana na jumla ya wawakilishi wake na maseneta wake wawili: California 54, Wyoming 3, jumla ya nchi nzima 538, na anayefikisha 270 ndiye Rais. Isipokuwa Maine na Nebraska, aliyeongoza katika jimbo hata kwa kura moja huwachukua wajumbe wote. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2000, George W. Bush alipoipata Florida kwa tofauti ya kura 537 tu, baada ya Mahakama ya Juu kusimamisha kuhesabiwa upya kwa kura, akawa Rais ingawa Al Gore alimzidi kwa zaidi ya kura nusu milioni nchini kote. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2016, Hillary Clinton alipomzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 2.9 na kushindwa. Wamarekani hulalamika kila mara inapotokea, na Waingereza hulalamika kila baada ya uchaguzi, na ubao haubadiliki, kwa sababu mwenye mamlaka ya kuubadilisha ni yule aliyeshinda juu yake.

Katika haya yote sioni kwamba swali kubwa ni nani anachaguliwa vipi. Swali langu mimi, na pengine ni ukarani uliobaki mwilini, ni nani anaweza kuondolewa na nani anaweza kukataliwa. Hapo ndipo nchi hizi mbili zinapoachana njia kabisa.

Tuanze na kuondolewa. Usiku wa Machi 28, 1979 Baraza la Commons lilipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali ya Waziri Mkuu James Callaghan wa Labour. Mbunge mmoja wa chama chake, Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa sana na hakuletwa London. Matokeo yalikuwa 311 kwa 310. Serikali ilianguka kwa kura moja, uchaguzi ukafanyika Mei 3, na Margaret Thatcher akaingia. Yeye naye alishinda chaguzi kuu tatu mfululizo, hakuna mpiga kura wa nchi aliyemwondoa. Waliomwondoa ni wabunge wake mwenyewe, Novemba 1990, alipopata kura 204 dhidi ya 152 za Michael Heseltine, mwenzake wa chama aliyempinga, lakini akapungukiwa kura nne kufikia pengo lililotakiwa na kanuni za chama, na siku chache baadaye akatangaza kujiuzulu. Bodi ilikaa ghalani, kwa maneno mengine. Kati ya Julai 2016 na Julai 2024 mlango ule mweusi wa Downing Street namba 10 ulipitiwa na mawaziri wakuu sita, na wanne kati yao, Theresa May, Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak, waliingia mara ya kwanza bila uchaguzi mkuu wowote. Truss alipewa nchi ya watu milioni 67 hivi kwa kura takriban 81,000 za wanachama wa chama chake, na alipoyumbisha masoko ya fedha kwa bajeti yake, wabunge wake wakamwondoa kwa kasi ileile.

Marekani, kura moja ilifanya kinyume chake. Mwaka 1868 Rais Andrew Johnson alishtakiwa mbele ya Seneti. Maseneta 35 walimtia hatiani na 19 wakamwachilia, na kwa kuwa theluthi mbili ilihitaji 36, alibaki kitini. Tangu hapo Bill Clinton ameshtakiwa mara moja na Donald Trump mara mbili, na Seneti haijapata kumtia hatiani hata Rais mmoja. Richard Nixon aliondoka Agosti 9, 1974 kwa kujiuzulu mwenyewe, alipoona kwamba kura za kumwokoa zimekwisha. (Aliyemrithi, Gerald Ford, hakuwa amechaguliwa na wananchi kuwa Rais wala kuwa Makamu wa Rais, kwa hiyo Mmarekani anayewacheka Waingereza kwa viongozi wasiopigiwa kura na acheke taratibu.) Mfumo huo unamlinda Rais aliyepoteza heshima ya nusu ya nchi, lakini unamlinda pia Rais mzuri dhidi ya njama za usiku mmoja.

Upande wa kukataliwa, mizani inageuka. Waziri Mkuu wa Uingereza mwenye wabunge wengi, kwa kipindi anachokuwapo, ana nguvu ambazo Rais wa Marekani anaziona ndotoni. Bunge lao likipitisha sheria, hakuna mahakama yenye uwezo wa kuifuta. Baraza la Lords, yaani baraza la pili la Bunge ambalo wajumbe wake hawachaguliwi na wananchi, linaweza kuchelewesha muswada kwa takriban mwaka mmoja tu, kwa mujibu wa sheria za 1911 na 1949, na muswada wa fedha kwa mwezi mmoja. Mahakama huweza kumbana Waziri Mkuu anapotenda bila idhini ya Bunge, kama Septemba 2019 majaji wote kumi na mmoja walipoamua kwamba Boris Johnson alilisimamisha Bunge kinyume cha sheria, lakini sheria ya Bunge lenyewe hawaigusi. Marekani kila mlango una bawabu. Rais anapendekeza, Baraza la Wawakilishi linapitisha, Seneti inakaa na muswada kwa sababu miswada mingi huhitaji maseneta 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe, na ukipenya huko kuna majaji tisa wa Mahakama ya Juu, ambao huteuliwa maisha, wanaoweza kusema unakiuka Katiba. Ndiyo maana kule kufungwa kwa siku 43 kulitokea wakati chama kimoja, Republican, kilikuwa na Rais, kina Baraza la Wawakilishi, na kina maseneta 53. Kwa hesabu ya Kiingereza chama hicho kingepitisha bajeti kabla ya chai ya saa kumi. Kwa hesabu ya Kimarekani kilikuwa kinapungukiwa maseneta saba.

Watu wa kijiweni walishangaa zaidi nilipowaambia kuhusu mawaziri. Novemba 2023 Rishi Sunak alitaka David Cameron awe Waziri wa Mambo ya Nje; Cameron hakuwa mbunge tena, kwa hiyo ilibidi apewe cheo cha kuingia Baraza la Lords ndipo aishike wizara. Januari 2025 Marco Rubio alipoidhinishwa kushika wizara ya aina hiyohiyo huko Marekani, ilibidi aache useneta wake, kwa kuwa Katiba yao inakataza mtu mmoja kukaa katika Kongresi huku ameshika ofisi ya utendaji. Mmoja aliingizwa Bungeni ili awe waziri, mwingine alitoka Kongresi ili awe waziri. Kwetu sisi tumechanganya: Rais tunampigia kura wenyewe, tena moja kwa moja kuliko Wamarekani, lakini mawaziri wake lazima wawe wabunge kama wa Uingereza, na Waziri Mkuu anateuliwa na Rais kisha anathibitishwa na Bunge. Mfumo wa Kiingereza mtupu tuliuonja mwaka mmoja tu, kuanzia Desemba 9, 1961 hadi siku ya Jamhuri mwaka 1962, Mwalimu Nyerere akiwa Waziri Mkuu na baada yake Rashidi Kawawa. Ndiyo sababu Februari 2008, Edward Lowassa, jirani yetu wa Monduli, alipojiuzulu uwaziri mkuu, Baraza la Mawaziri lilivunjwa lakini Rais aliendelea na kazi, jambo ambalo Mwingereza angelihitaji lielezwe mara mbili.

Yapo pia mambo ya muda, ambayo nitayapitia haraka. Mei 22, 2024 Sunak alisimama nje ya ofisi yake, mvua ikimlowesha suti, akatangaza uchaguzi. Wiki sita baadaye kura zilipigwa, Alhamisi, vituo vikafungwa saa nne usiku, na Ijumaa mchana Starmer alikuwa ameshaingia ndani na Sunak ametoka. Trump alitangaza kugombea Novemba 2022, akachaguliwa Novemba 5, 2024, na akasubiri siku 76 mpaka Januari 20, 2025 ndipo akaapishwa. Mwingereza anapohamisha vyombo vyake, Mmarekani bado anafunga virago. Na katika kampeni zenyewe, Uingereza hairuhusu matangazo ya siasa ya kulipia kwenye televisheni na huweka kikomo cha matumizi, wakati Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2010, makampuni na makundi huru humwaga fedha bila kikomo alimradi yasigawane mipango na mgombea.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo na halina gharama. Kongresi ikishindwa tena kupitisha fedha, andikeni kwamba ofisi za serikali ya Marekani zimesimama kwa kukosa bajeti, na neno kuanguka mliweke akiba kwa nchi ambazo serikali huanguka kweli. Mnapotaja Holborn au South West Norfolk, ongezeni neno "la uchaguzi" baada ya jimbo. Na mnapoandika kwamba Uingereza imepata Waziri Mkuu mpya, tuambieni katika aya ya kwanza kama ameletwa na wapiga kura au na wabunge wenzake, maana fundi cherehani wetu huwa hafiki aya ya tano kabla gazeti halijanyakuliwa na mwingine.

Nilipomaliza maelezo yangu siku ile, yule kijana wa kahawa alikuwa anakusanya vikombe. Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia, kama Mfalme wa Uingereza naye hupanga foleni kupiga kura. Nikamwambia kwamba kwa desturi hapigi, ijapokuwa kila Bunge jipya linapofunguliwa yeye ndiye anayevaa taji na kusoma hotuba ya sera za serikali, neno kwa neno kama alivyoandikiwa na mawaziri. Kijana akafikiri kidogo, akamimina maji ya moto kwenye birika, akasema, "Kumbe naye ni karani."

Msomaji wako,
Karani mstaafu,
Majengo, Moshi.